Barazani Juma Hili: Mashemeji na Viti Vitupu

Juma hili nimeona ni vyema tuweke kando habari za mbolea na za karo, tuzungumze habari za mpira wa miguu. Ninyi mlioko mashambani msiseme kwamba mambo ya viwanja vya Nairobi hayawahusu, maana mashabiki wa timu zetu wamejaa kila wilaya, na jambo nitakalolisema mkulima atalifahamu upesi kuliko karani.

Jumapili moja nilikwenda Kawangware kumwamkia shemeji yangu. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la mama mmoja auzaye chai na mandazi. Hapo palikuwa na mzee aliyetoka Kibera, mpenzi wa Gor Mahia tangu ujana wake, na kijana wa hapo hapo Kawangware, ambaye damu yake ni ya AFC Leopards. Hawa wawili walikuwa wakibishana, si juu ya nani aliyemfunga mwenziwe, bali juu ya jambo linalowauma wote wawili: kwa nini viwanja havijai siku timu zao zinapocheza nyumbani, na kwa nini timu kubwa kama hizi hazikui.

Mzee alisema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tukienda City Stadium kwa miguu. Ukichelewa, hupati pa kuketi. Ninyi vijana hamna mapenzi."

Kijana akajibu kwa adabu, "La, baba, mapenzi tunayo. Lakini Kasarani ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tena nikilipa nauli na kiingilio, nitakula nini? Afadhali nitazame mpira wa Uingereza kwenye kibanda cha hapa mtaani."

Ndugu zangu, kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ukweli. Uwanja wa City, ulio kando ya barabara ya Jogoo, ulikuwa katikati ya maskani ya watu: Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo. Mtu alitoka nyumbani kwake akatembea kidogo, akafika. Timu nazo zilistahili kutazamwa. Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984. Gor Mahia, iliyozaliwa mwaka 1968 kwa kuungana kwa Luo Union na Luo Stars, ilileta Kenya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, baada ya kutoka sare na Espérance ya Tunisia mabao 2-2 ugenini na 1-1 Kasarani.

Baadaye timu zikawa kama mtu asiye na kwao. Uwanja wa Nyayo, ambao mtu wa Kibera aweza kuufikia kwa miguu, ulifungwa mwaka 2017 ili utengenezwe kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya mwaka 2018. Mashindano yenyewe tukanyang'anywa yakapelekwa Moroko, na uwanja haukutumika tena hadi mwaka 2020. Katika muda huo michezo ya "nyumbani" ilichezwa hata Machakos. Je, msomaji wangu, nyumbani ni wapi kwa mtu alalaye leo kwa huyu na kesho kwa yule?

Lakini umbali na umaskini peke yake havitoshi kuwa sababu. Kumbukeni Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya CHAN. Timu yetu ilicheza Kasarani, pale pale panapoitwa mbali. Tarehe 10 Agosti tuliishinda Moroko bao 1-0, na watu walikuwa wengi hata wengine wakapenya malangoni bila tikiti. CAF ikaagiza watazamaji wapunguzwe, wasizidi 27,000 siku ya mchezo na Zambia. Basi fikirini: wenye mashindano walituamuru tupunguze watu, nasi mwaka mzima tunalia kwamba watu hawaji! Na wachezaji walikuwa wale wale wa ligi zetu za nyumbani, kwa kuwa CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza katika nchi zao.

Nilipolitaja jambo hilo pale bengini, wote wawili walinyamaza. Ndipo mama muuza chai, ambaye alikuwa akitusikiliza huku akisafisha vikombe, akasema, "Mimi nilikwenda Kasarani mwezi ule pamoja na binti zangu wawili. Tulijua siku, tulijua saa, tukanunua tikiti kwa simu, tukarudi salama. Mchezo wenu wa ligi nikimwuliza baba watoto utachezwa wapi, hajui mpaka Ijumaa jioni. Na ninyi mchezo wenu mkubwa mnauita wa mashemeji. Ushemeji huo ulitoka wapi kama si kwetu sisi wanawake? Mbona hamjatualika hata siku moja?"

Mzee alicheka, lakini niliona kwamba neno lilimwingia. Mimi pia lilinichoma. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mwanangu wa kiume kutazama timu niipendayo. Mchezo ulipokuwa karibu kwisha, bao likabishaniwa, mawe yakaanza kuruka, nasi tukakimbia tukiwa tumeshikana mikono. Kiatu chake kimoja kilibaki huko. Tangu siku hiyo nikimwambia twende, hunijibu kwamba ana masomo. Sasa yeye ni mpenzi wa timu moja ya London ambayo hajawahi kuiona kwa macho yake, nami sina la kumlaumu. Yule aliyerusha jiwe siku ile alidhani amemrushia mwamuzi, kumbe aliondoa uwanjani mtazamaji wa miaka hamsini ijayo.

Hapa ndipo mkulima atakaponielewa. Tumekuwa tukivuna shamba la babu zetu bila kupanda. Mtu ni wa Gor kwa sababu baba yake alikuwa wa Gor. Ni wa Leopards kwa sababu ya kabila lake. Jina la Abaluhya liliondolewa mwaka 1980 likawekwa AFC Leopards ili kila mtu ajione ni wa hapo, lakini wengi wetu tulibadilisha kibao cha mlangoni tu. Timu isiyotafuta mtu mpya haiwezi kukua, hata ikishinda. Gor Mahia ilitwaa ubingwa mara nyingi kati ya mwaka 2013 na 2024, na viti vitupu vilikuwapo siku nyingi za miaka hiyo.

Nendeni mkatazame kibanda cha mpira wa Uingereza pale Kibera au Kawangware. Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: nani na nani, saa ngapi, kiingilio kiasi gani. Mwenye kibanda si tajiri, lakini hutimiza alichoandika. Au tazameni Dar es Salaam, ambako Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 huwaita watu wao kwa sherehe kabla ya msimu kuanza, wazee, wanawake na watoto, wakaujaza uwanja wa Mkapa.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwanza, viongozi watangaze uwanja na saa mapema, wasigeuzegeuze. Pili, sisi mashabiki tulipe kiingilio na kujiandikisha uanachama. Mtu arukaye ukuta hana haki ya kuuliza kwa nini timu haina fedha. Tatu, arushaye jiwe ashikwe na sisi wenyewe tulioketi karibu naye, kabla ya polisi. Nne, kila mmoja aje na mtu mmoja ambaye hajapata kufika: mkewe, binti yake, au jirani wa kabila lingine.

Uwanja wa Talanta, ulioanza kujengwa mwaka 2024 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, ni wa watu 60,000, nao uko barabara ya Ngong, kati ya Kibera na Kawangware. Yule mzee na yule kijana wataweza kuufikia kwa miguu, mmoja kutoka upande huu na mwingine kutoka upande ule. Siku ligi yetu itakapochezwa humo, neno la magari mawili halitasemeka tena. Tutabaki sisi na tabia zetu.

Nilipoondoka, kijana alikuwa akimwahidi mama wa chai kwamba atamletea habari za mchezo ujao kabla ya Jumatano. Mama akamjibu, "Nitakuamini Jumatano ikifika." Nami nasema vivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huja kwa kuitwa, na hurudi kwa kupokelewa vizuri.