Amri Bila Sababu: Fundisho la Betri ya Mashine ya Kusugulia Sakafu

Katika hospitali, viwanja vya ndege, maghala na majengo makubwa ya ofisi, kazi ya kusugua sakafu, ambayo zamani ilifanywa kwa ndoo, dekio na magoti ya binadamu, siku hizi mara nyingi hufanywa na mashine iendayo kwa nguvu ya betri. Mashine hiyo ni ya kushukuriwa, kwani imepunguza maumivu ya migongo mingi. Hata hivyo imemletea mfanyakazi wa usafi jukumu ambalo hakuwa nalo enzi za dekio: sasa yeye ni mtunzaji wa tindikali, wa mkondo mkubwa wa umeme na wa gesi iwezayo kulipuka. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mtu aliyekabidhiwa jukumu hilo ana haki ya kuelezwa sababu ya kila amri anayopewa. Na kwamba sababu hizo ni kemia na fizikia ile ile ifundishwayo katika shule zetu za sekondari.

Nilipata kushuhudia jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika jengo moja, ambalo halina haja ya kutajwa, mwendeshaji wa mashine aliagizwa na msimamizi wake: "Kila jioni hakikisha betri zimejaa maji." Alikuwa mtu mtiifu. Kila jioni alizijaza mpaka ukingoni, akaziunganisha na chaja, akaenda zake nyumbani. Usiku, betri zikichajiwa, kimiminiko kilipanda na kufurika. Tindikali ikatiririka, ikala nyaya na kitako cha chuma. Kesho yake nafasi ya kilichomwagika ilijazwa maji, na betri zikazidi kudhoofika. Msimamizi naye akaamuru ziongezwe tindikali, na mwaka haukwisha kabla ya betri kutupwa. Aliyelaumiwa ni mwendeshaji, ingawa alilitimiza agizo neno kwa neno. Katika agizo lile lilikosekana neno moja, "baada", na sababu ya neno hilo.

Tuitazame kwanza mashine yenyewe. Ina tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Mota moja huzungusha brashi. Nyingine huendesha kifyonzi kinachovuta maji yaliyokusanywa na utepe wa mpira ulio nyuma. Na katika mashine kubwa mota ya tatu huzungusha magurudumu. Zote hutegemea betri, mara nyingi za jumla ya volti 24. Kila kinachoongeza msuguano huongeza mkondo: brashi ikikandamizwa kupita kiasi, au nyuzi na nywele zikijisokota kwenye mhimili wake, mota hutumia amperi nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Kwa hiyo kufagia kabla ya kusugua, kuinua brashi mashine isimamapo, kufuta utepe wa mpira na kumwaga maji machafu kila mwisho wa kazi ni matendo ya usafi ambayo pia huilinda betri.

Betri ambayo imetumika kwa muda mrefu katika mashine hizi, na bado hutumika, ni ile ya risasi na tindikali, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kila seli yake hutoa takriban volti 2, hivyo seli 12 zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa volti 24. Ndani ya seli mna mabamba ya risasi na mabamba ya dioksidi ya risasi, yote yamezama katika tindikali ya sulfuriki iliyochanganywa na maji. Betri itumikapo, mabamba ya aina zote mbili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na tindikali hupungua huku maji yakiongezeka. Ichajiwapo, mambo hurudi kinyume. Ndiyo maana haidromita, chombo rahisi cha kioo chenye boya ndani yake, huweza kutueleza hali ya betri: kimiminiko cha seli iliyojaa umeme huwa na densiti ya karibu gramu 1.28 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na cha seli iliyokwisha nguvu karibu gramu 1.12.

Sasa kuhusu maji. Mwisho wa kuchaji ukikaribia, sehemu ya umeme huanza kufanya kazi nyingine: huyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kinachopotea katika seli ni maji, tindikali hubaki. Basi kinachorudishwa ni maji peke yake, nayo yawe yaliyokenekwa, kwa kuwa chumvi na madini ya maji ya bomba au ya kisima hudhuru mabamba. Jina "maji ya betri" lisimhadae mtu dukani, maana wapo waiitao hivyo hata tindikali. Na asome kibandiko. Tena maji huongezwa baada ya kuchaji, kwa kuwa wakati wa kuchaji kimiminiko hupanda kwa sababu ya joto na viputo vya gesi. Ikiwa mabamba yameachwa wazi kabla ya kuchaji, yaongezwe maji ya kuyafunika tu, na mengine yangoje. Laiti mwendeshaji wetu angeelezwa haya kwa dakika tano, betri zile zingali zikifanya kazi mwaka ulipokwisha.

Kuhusu gesi, hesabu ifuatayo yafaa kufanywa ubaoni. Tuseme chaja hupitisha amperi 10 kwa saa 2 baada ya betri kukaribia kujaa, na umeme wote huo hutenganisha maji. Hizo ni kulomu 72,000. Kwa kuwa moli moja ya gesi ya haidrojeni huhitaji kulomu 193,000, kila seli itatoa moli 0.37, yaani karibu lita 9 katika joto la kawaida la chumba. Seli 12 zitatoa zaidi ya lita 100, na kupoteza jumla ya maji karibu mililita 80. Haidrojeni huweza kulipuka ikiwa imefikia asilimia 4 tu ya hewa. Stoo ndogo chini ya ngazi, yenye urefu wa mita 1.25, upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, ina ujazo wa lita 2,500. Asilimia 4 yake ni lita 100. Na kwa kuwa gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hukusanyika kwanza juu, karibu na dari, mahali penye taa.

Mwanafunzi akiisha kuifanya hesabu hii hahitaji kukaririshwa kanuni. Ataona mwenyewe kwa nini mashine ichajiwe mahali penye kupitisha hewa, kifuniko chake kikiwa wazi na vizibo vya seli vikiwa mahali pake. Kwa nini sigara na kila namna ya moto viwekwe mbali. Na kwa nini chaja izimwe kabla ya nyaya kuchomolewa, ili cheche isitokee penye gesi.

Ziko hatari nyingine mbili. Spana ikidondoka na kuziunganisha ncha mbili za betri hupitisha mamia ya amperi kwa mara moja. Pete ya kidoleni ikifanya hivyo humwunguza mwenyewe vibaya. Basi pete na saa zivuliwe, na mpini wa spana uzungushiwe utepe usiopitisha umeme. Nayo tindikali hutaka miwani ya kinga, glavu za mpira na aproni. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yatiririkayo kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Iliyomwagika sakafuni hutulizwa kwa magadi. Mapovu yanayotokea ni ile ile kaboni dioksidi ya majaribio ya darasani.

Lipo pia suala la uhai wa betri. Ikiachwa siku nyingi bila kuchajiwa, salfeti ya risasi hugeuka fuwele ngumu zisizokubali tena kurudi hali ya awali. Kwa hiyo betri ichajiwe kila baada ya zamu ya kazi, wala isitumiwe mpaka mashine igome. Waundaji wengi hushauri isivuke asilimia 80 ya uwezo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za kigeni.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi wa usafi hahitaji kemia. Apewe orodha ya amri, azifuate, basi. Mimi naona kinyume. Orodha haiwezi kutaja kila tukio la usiku mmoja wa kazi. Ajuaye kwamba gesi hupanda juu atajua la kufanya siku atakapohamishiwa stoo nyingine. Ajuaye orodha tu atangoja orodha mpya. Wengine watasema kwamba betri zilizofungwa zisizohitaji maji, pamoja na zile za lithiamu, zinaufanya mjadala huu kuwa wa kale. Lakini betri ya risasi iliyofungwa nayo hutoa gesi ikichajiwa kwa chaja isiyoifaa, na ya lithiamu iliyopasuka au kuchajiwa vibaya huweza kuwaka moto mgumu kuuzima. Kifaa hubadilika, haja ya kujua sababu haibadiliki.

Hata kifo cha betri kina somo lake, kwani risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Katika makazi ya Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwadhuru wakazi kwa vumbi na moshi wa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi 1,300,000,000 za Kenya. Betri ya mashine ya sakafu iliyouzwa kwa mpita njia bila kuulizwa iendako yaweza kuishia mahali kama pale. Irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa mwenye kibali cha kuishughulikia.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye majengo na waweke penye chaja ubao mmoja wa Kiswahili fasaha, kila amri ikifuatwa na sababu yake, na kando yake haidromita, miwani na maji ya kuoshea macho. Walimu wa sayansi, wanapofika kwenye elektrolisisi, waitumie betri hii kuwa mfano, na pakiwezekana wamwalike mwendeshaji wa mashine aeleze kazi yake mbele ya darasa. Yeye anazijua dalili, wanafunzi wanazijua kanuni, na kila upande utajifunza kitu. Nanyi wanafunzi, siku mtakapokuwa wasimamizi, mkumbukeni mtu yule aliyejaza betri mpaka ukingoni kwa utiifu. Kabla ya kumwuliza kwa nini ameharibu mashine, jiulizeni kama kuna mtu aliyepata kumweleza kwa nini.