Ukaguzi wa Maziwa Usiishie kwa Mnyonge

Kila alfajiri maziwa huletwa Salgaa kutoka mashamba ya Rongai kwa punda, kwa baiskeli na kwa bodaboda. Mengine huingia katika chai ya madereva wa malori, mengine husafirishwa hadi Nakuru mjini, na mengine humiminwa katika kikombe cha mtoto. Maziwa hayo yakiwa na sumu, hatuna neno la kuyatetea. Twalisema hili mapema ili asije mtu akatusingizia kwamba twapinga ukaguzi. Ukaguzi twaudai. Tunachokipinga ni ukaguzi unaomkamata mbeba mtungi na kumpigia saluti mwenye kiwanda.

Hatari yenyewe ni ipi? Mahindi yaliyovunwa na mvua na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi mabovu mara nyingi hayatupwi: yakikataliwa na mwanadamu, hupewa ng'ombe. Ng'ombe huigeuza sumu hiyo mwilini mwake, na sehemu yake hutoka kiweleni ndani ya siku moja au mbili. Mama atayachemsha maziwa hayo akidhani ameyatakasa, kumbe moto unaoua vijidudu hauiondoi sumu hii.

Basi tuulize: mkaguzi anayesimama kando ya barabara na laktomita mkononi anapima nini? Laktomita itamfichua aliyetia maji. Aflatoksini haiioni kabisa. Kiwango kinachokubaliwa na Codex, chombo cha mataifa kuhusu viwango vya vyakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kila kilo ya maziwa, na Umoja wa Ulaya umekaza zaidi hadi 0.05. Kiasi kidogo hivyo hakipimwi kwa jicho wala kwa ulimi. Hupimwa kwa vifaa maalumu, na huzuiwa mahali kilipoanzia, yaani katika ghala la mahindi na katika gunia la chakula cha mifugo. Anayeyamwaga maziwa ya mjane barabarani na kuliacha gunia dukani ameacha chemchemi ya sumu ikibubujika.

Wala hatuwatakasi wakulima wetu. Wako wanaoongeza maji. Wako wanaotia kemikali ili maziwa yasichache njiani. Wako wanaomdunga ng'ombe dawa ya ugonjwa wa kiwele jioni na kuyauza maziwa yake asubuhi, bila kungoja siku ambazo daktari wa mifugo amezitaja. Mkristo anayefanya hivyo na Jumapili akatoa sadaka ajue kwamba Maandiko yaliichukia mizani ya udanganyifu kabla sheria ya nchi haijatungwa. Mwenye hatia aadhibiwe. Lakini wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haki hiyo imeandikwa. Halmashauri ya Maziwa imekuwapo tangu mwaka 1958. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya chakula cha ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 chamlinda mnunuzi afya yake na kumpa haki ya kujulishwa. Kifungu cha 47 chataka kila hatua ya ofisi ya umma iwe ya haki na ya kisheria, na anayedhurika nayo apewe sababu kwa maandishi. Mchuuzi anayemwagiwa maziwa bila kipimo, bila cheti na bila maelezo amevunjiwa Katiba, hata kama mkono uliomwaga ulivaa sare.

Wazee wetu wanaijua historia hii. Zamani ilikuwa marufuku kuuza maziwa mabichi mijini, na mkulima alilazimika kumngojea mnunuzi mmoja, KCC, ambayo katika miaka ya 1990 iliwakawiza wengi malipo yao. Mwaka 1992 soko lilifunguliwa, mwaka ule ule tulipopiga kura ya vyama vingi. Tulipata ruhusa ya kuchagua mnunuzi na ruhusa ya kuchagua chama. Lakini tabia ya ofisi kumtisha raia na kumficha habari haikufa kwa kura moja. Serikali ikiyafungia kabatini matokeo ya vipimo, imegeuka siri kali.

Kaunti hii imekwisha kulipa gharama ya ukaguzi uliochelewa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba kubwa lilipasuka kule Solai, na watu zaidi ya 40 wakafa. Maswali ya nani alikagua, na lini, yaliulizwa baada ya mazishi. Sumu ya maziwa haina kishindo cha bwawa. Huua polepole kwa kuharibu ini, na hakuna atakayeiandika katika cheti cha kifo.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, ukaguzi uanzie kwenye maghala na viwanda vya chakula cha mifugo. Pili, matokeo yatangazwe kila mara, yabandikwe sokoni na kwa chifu, kwa lugha ambayo mama muuza chai anaielewa. Tatu, mkulima afunzwe na asaidiwe kukausha mahindi yake kabla ya kutozwa faini. Nne, maziwa yasimwagwe bila kipimo na hati.

Nanyi wasomaji, msingoje mbunge. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia ruhusa ya kuandika barua na kuuliza, na ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Kila parokia, kila ushirika, kila kikundi cha akina mama kiandike barua moja: ni magunia mangapi ya chakula cha mifugo yaliyopimwa katika kaunti hii mwaka huu, na yalionekana na nini? Wekeni nakala, hesabuni siku. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mtoto anayekunywa maziwa haya hawezi kuandika. Tumwandikie.