Michezo ya video: kisu kisipewe mkono mrefu kuliko bunduki

Mchezaji mwenye kisu anatokea kwenye kona. Risasi mbili zinampata kifuani, lakini haanguki. Anaruka kama mtu aliyevutwa na kamba, na mwenye bunduki ndiye anakufa. Waliocheza Call of Duty: Modern Warfare 2, iliyotoka Novemba 2009, wanaikumbuka vizuri picha hiyo. Uwezo ulioitwa Commando ulirefusha pigo la kisu kupita kipimo. Ukiuunganisha na Marathon, wa kukimbia bila kuchoka, na Lightweight, wa kuongeza mwendo, mtu aliweza kucheza hadi mwisho bila kufyatua risasi hata moja.

Wengi walilalamika kwamba kisu kinaua kwa pigo moja. Hapo ndipo walipokosea. Pigo moja si tatizo. Bunduki inaua toka mbali, kisu lazima kitembee. Yule aliyevuka uwanja mzima chini ya risasi anastahili malipo yake akifika. Bila malipo hayo kisu kinabaki pambo la kiunoni. Tatizo la Commando lilikuwa jingine: ilimfutia mkimbiaji hatua za mwisho, zile za hatari zaidi, na aliyelenga vizuri akaonekana mjinga.

Team Fortress 2, ya mwaka 2007, ililiona jambo hili mapema. Jasusi wa mchezo huo akimchoma adui mgongoni, adui anakufa papo hapo, hata awe na afya nyingi namna gani. Lakini lazima ajifiche, ajigeuze sura, apite katikati ya maadui na kufika nyuma yao. Akikutana nao uso kwa uso, kisu chake ni dhaifu. Nguvu ipo, bei yake ipo pia.

Halo 2 ya mwaka 2004 nayo iliweka upanga wa nishati mikononi mwa wachezaji. Upanga huo unamrusha mshikaji mbele, ndiyo, lakini hauzaliwi naye: unaokotwa mahali panapojulikana uwanjani, na kila mtu anajua pa kupaogopa. Katika Halo 3, mwaka 2007, ukawa pia unaishiwa nishati kadiri unavyopiga.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza ngao na uponyaji kwa wapiganaji wa karibu. Overwatch ilijaribu kitu cha namna hiyo Machi 2018 ilipomleta Brigitte, mwenye ngao na rungu la mnyororo, ambaye akipiga adui anaponya wenzake. Timu za kulipwa zikaanza kuingia na walinzi watatu na waponyaji watatu, zikisukumana kama watu kwenye mlango wa soko. Wenye kulenga toka mbali wakakosa kazi. Mwaka 2019 ikabidi sheria ilazimishe kila timu kuwa na wachezaji wawili kwa kila kazi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mtandao, na hili linamgusa moja kwa moja kijana wa Goma au Bukavu anayecheza kwenye seva iliyo bara jingine. Mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde, mtandao ukichelewa milisekunde 200, anakuwa amesogea mita 1 na sentimita 20. Kwa mwenye kufyatua toka mita 50, kusogea huko hakumpunguzii wala kumwongezea kitu. Kwa kisu, huo ndio umbali wote wa mkono. Kwenye skrini ya muuaji, ameshafika. Kwenye skrini ya anayekufa, adui bado yuko mbali. Ndiyo maana hata katika Team Fortress 2 watu hulalamika kuchomwa mgongoni huku wakimtazama jasusi usoni. Ukiongeza juu ya hapo pigo linaloruka, mwenye mtandao mbaya hana hata nafasi ya kurudi nyuma.

Kwa hiyo watengenezaji wanaotaka kusaidia silaha za karibu waziongezee njia: kuta, milango, moshi, vichochoro. Urefu wa mkono wauache.

Modern Warfare 3 ilipotoka mwaka 2011, Commando haikuwemo tena. Kisu kilibaki, na kiliendelea kuua kwa pigo moja. Aliyekitaka alilazimika kutafuta ukuta wa kupitia kwanza.