Mkato wa Mwisho

Oktoba 2024, shehena ya kwanza ya jerimaniamu iliyochenjuliwa na Société du Terril de Lubumbashi, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, ilisafirishwa kwenda Ubelgiji kwa Umicore, mrithi wa ile Union Minière ya wakati wa ukoloni. Ilitoka katika mlima mweusi wa mabaki ya uyeyushaji wa shaba, ambao kila aliyefika Lubumbashi anaujua. Sisi wa Nundu tuko mbali na mlima huo, na udongo wetu wa Fizi unasifika kwa dhahabu. Hata hivyo toleo hili tumelijenga juu ya habari hiyo.

Jerimaniamu ikishasafishwa hukuzwa ikawa fuwele. Jicho letu haliwezi kuona kupitia humo. Linaona kitu cha kijivu kinachong'aa kama chuma. Lakini miali ya joto, inayotoka mwilini mwa mwenye homa au kwenye nyaya za umeme zinazokaribia kuungua, hupita bila shida. Kwa sababu hiyo lenzi nyingi za kamera za joto hutengenezwa kwa fuwele hiyo. Kuikata ndiyo kazi. Ukiikata kwa pupa inamegeka. Fundi huikereza kwa ncha ya almasi moja isiyo na ufa, kwenye mashine ambayo mhimili wake unazunguka juu ya utando wa hewa, ndani ya chumba ambacho joto lake halipandi wala kushuka. Mkato ukiwa mwembamba vya kutosha, chini kabisa ya sehemu moja ya elfu ya milimita, fuwele inayovunjika kama kioo huanza kutoa unyuzi unaojikunja, kama inavyofanya shaba. Uso unaobaki hutofautiana kwa nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nimesoma hayo mara nyingi na bado yananisisimua.

Almasi tunayo Mbuji-Mayi, na sehemu kubwa yake ni ya viwandani. Jerimaniamu tunayo Katanga. Vitu hivi viwili vya nchi moja hukutana ugenini, mikononi mwa watu wengine. Wengi watasema dawa ni kujenga kiwanda kesho. Mimi nasema tuanzie chini zaidi. General Electric ya Marekani ilitangaza almasi ya maabara mwaka 1955, na leo almasi za namna hiyo ndizo zimejaa katika soko la viwanda. Kuwa na jiwe ardhini hakukuilinda Mbuji-Mayi. Anayejua kupima na kukata hubaki na kazi, jiwe litoke popote.

Tazameni Asmara. Eritrea ilipata uhuru mwaka 1993, baada ya vita vya miaka 30. Mwaka uliofuata kilifunguliwa huko kiwanda cha lenzi za kupandikizwa machoni mwa wagonjwa wa mtoto wa jicho, kwa juhudi za wakfu wa Fred Hollows, daktari wa macho wa Australia aliyefariki kabla ya kukiona. Lenzi hizo ni za plastiki, hazina ugumu wa fuwele, lakini zinadai tabia ileile: chumba safi, mkono mtulivu, na moyo wa kukitupa kipande chenye kosa lisiloonekana kwa macho. Lenzi moja iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 100 ikapatikana kwa chini ya 10. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu waliotoka vitani hawawezi kazi ya usahihi.

Kwetu kipimo ni suala la haki pia. Mchimbaji wa Misisi, humu Fizi, huuza dhahabu kwa mizani ya mnunuzi, naye hana yake ya kuhakiki.

Ombi letu kwa wakuu wa shule za ufundi za Fizi, Nundu na Baraka ni mikromita moja, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, katika kila karakana, na saa za kuitumia katika ratiba. Mwanafunzi apime kipande cha chuma cha sentimita 10 asubuhi, akianike juani, akipime tena mchana huku mikromita imekaa kivulini. Joto likipanda digrii 10, chuma hicho hurefuka kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, na mikromita ya kawaida inayofikia urefu huo inaisoma tofauti hiyo. Makala ya kwanza ya toleo hili inaeleza namna ya kuishika mikromita na kuitunza.