Kodi inadaiwa, kodi inarudi!

Wiki hii nina kisa ambacho nimekikalia kimya tangu Novemba 2023, na sababu ni moja tu: aibu. Lakini juzi binti mmoja wa hapa ofisini, aliyerudi kutoka mamtoni mwaka huu huu, kanifuata na simu mkononi, macho yanamng'aa kama kaokota dhahabu. "Kaka, eti serikali ya Uingereza inataka kunirudishia kodi. Ni kweli au napigwa?" Nikajua zamu yangu ya kutubu imefika.

Basi bwana, Novemba hiyo nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili tangu nirudi Bongo. Nilikwenda kusoma Leicester kuanzia Septemba 2022, mwaka mmoja tu, nikarudi na shahada ya pili, masweta matatu na mfuko mtupu. Nikapata chumba na sebule Mabibo, laki mbili kwa mwezi. Wa mjini mnajua utaratibu: mwenye nyumba hataki habari za mwezi mmoja mmoja, anataka miezi sita mkononi, milioni moja na laki mbili. Kwa vile alimfahamu marehemu baba, akanivumilia mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, akasema, kuna watu watatu wanakitaka chumba hicho, na mmoja wao ana gari.

Jumatatu moja ikaingia meseji kutoka namba ngeni. "Ile kodi tuma kwenye namba hii." Hee! Mtanzania gani haijui meseji hiyo? Hata bibi yangu kijijini anaijua. Nikacheka mpaka machozi, nikajibu: "Tafuta kazi ufanye, tapeli mkubwa we!" Halafu, raia mwema, nikaipeleka namba yenyewe kwenye 15040, ile ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuripotia matapeli. Nikajisikia mjanja kweli kweli.

Saa moja jioni mlango ukagongwa. Mwenye nyumba! Kashika simu mpya, sura imekunjamana kama mkeka uliolowa. "Kijana, mimi ni tapeli?" Kumbe kweli alibadilisha namba. Niliomba radhi mpaka jirani akatoka nje akidhani kuna msiba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyo mjanja wa Jumatatu ndiye huyo huyo wa Alhamisi.

Alhamisi nilikuwa ndani ya daladala natoka Kariakoo, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni. Laini yangu ya Uingereza nilikuwa bado nimeiacha kwenye simu kwa sababu ya meseji za benki, maana akaunti ya kule sikuifunga. Ikalia. Kiingereza kimenyooka: mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, imekagua hesabu zako, unarudishiwa pauni 618.90, bonyeza hapa kabla ya saa 24 kwisha.

Wakati ule pauni moja ilikuwa kama shilingi 3,100. Nikapiga hesabu chapuchapu: karibu milioni moja na laki tisa! Kodi ya nyumba inalipika, chenji inabaki, na kagodoro kapya juu yake. Kwa nini nisiamini? Si nilikatwa kodi kweli kule? Si nilibeba maboksi kweli kwenye ghala la nguo? Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, safi, una taji la kifalme juu. Mtu akiniandikia kwa Kiswahili atume pesa namtukana, lakini akiniwekea taji na Kiingereza nasimama wima kama mgambo.

Nikajaza jina kamili. Nikajaza tarehe ya kuzaliwa. Nikajaza namba ya simu. Ukurasa wa pili ukaniomba namba ya kadi ya benki, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma. Nikaanza kujipapasa nitoe pochi, mkono mmoja umeshika bomba, konda anapiga kelele "mbele kuna nafasi, sogeeni", na mara simu ikaniambia kifurushi chako kimekwisha.

Hivyo ndivyo nilivyookoka. Wala tusidanganyane, sikuokolewa na shahada ya pili. Niliokolewa na bando la shilingi mia tano.

Nilipofika nyumbani, tumbo limepata ugali, ndipo akili ikarudi. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi ni za kununulia kitu, yaani za kutoa hela. Anayetaka kukuwekea hela anahitaji namba ya akaunti, basi. Nikanunua bando jingine, nikaingia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na hapo pameandikwa waziwazi: HMRC hawamtangazii mtu kurudishiwa kodi kwa meseji wala kwa barua pepe. Na meseji kama hiyo ukiipata kule unaipeleka namba 60599. Kumbe nao wana 15040 yao!

Nikaapa. Yeyote atakayenitajia tena kurudishiwa kodi nitamla nyama.

Jumapili dada akapiga WhatsApp kutoka Leicester. Ni mtoto wa mama mkubwa, nilikuwa naishi kwake, na barua zangu zote zilikuwa zinakwenda pale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hapa kuna barua yako, bahasha ya kaki, ya watu wa kodi. Naogopa kuifungua." Walioishi kule wanaielewa hofu hiyo. Bahasha ya kaki kutoka serikalini haiji kukusalimia.

Nikamwambia afungue. Akafungua, akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona wanasema wanakudai... aa, hapana, wewe ndiye unayewadai. Pauni 456."

"Chana hiyo, dada. Matapeli hao."

"We nawe! Tapeli gani wa kununua stempu?"

Swali hilo nikalipeleka kijiweni Mabibo jioni ile, kwenye kahawa na kashata. Kosa kubwa! Wa kwanza akasema meseji ndiyo ya kweli, barua ni ya uongo, maana dunia ya leo nani anaandika barua? Wa pili akasema zote mbili za kweli, jumlisha upate pauni elfu na ushee. Kuna mzee wetu mmoja pale, alikuwa mtumishi wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa. "Sisi tumedai mafao yetu mpaka meno yakatoka, na tulikuwa tunadai kwa barua na kwa miguu. Leo serikali ikutafute wewe ambaye hujadai kitu? Mwanangu, nenda kalale." Kijiwe chote kikanyamaza. Nani ambishie?

Usiku sikulala. Nikavuta begi uvunguni, nikatoa masweta, na chini yake nikazikuta slipu zangu za mshahara, zimejikunja. Nikamwomba dada anipigie picha barua yote, mbele na nyuma. Nikakaa na kalamu.

Nilifanya kazi ghalani wiki 12, Oktoba mpaka Desemba 2022. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, na malipo yalikuwa pauni 9.50 kwa saa. Kwa wiki pauni 190. Na kila wiki nilikatwa pauni 38, yaani asilimia 20 ya kila senti. Pale juu ya slipu, mahali ambapo sikuwahi hata kupaangalia, pana herufi mbili: BR.

Herufi hizo ndizo zilizonimaliza. Mtu wa Uingereza hatozwi kodi ya mapato mpaka apitishe pauni 12,570 kwa mwaka. Mimi kwa wiki zote 12 nilipata pauni 2,280, sikufika hata robo. Sikustahili kukatwa hata ndururu! Lakini BR maana yake ni kwamba msamaha wako unahesabiwa kuwa umetumika kwingine, kwa hiyo hapa unakatwa tangu pauni ya kwanza. Sasa ulitumika wapi? Nikakumbuka. Siku ya kuanza kazi nilipewa fomu yenye vijisanduku vitatu, na kimoja kinauliza kama una kazi nyingine. Mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nikaweka alama ya ndiyo. Si nilikuwa na kazi hapa Dar? Nilikuwa nimeaga tu kwenda masomoni! Uaminifu wangu ukanigharimu pauni 38 kila wiki.

Thelathini na nane mara kumi na mbili. Nikazidisha mara tatu nisije nikakosea. 456. Nikaitazama picha ya barua: mshahara 2,280, kodi iliyokatwa 456, kodi iliyostahili sifuri, unarudishiwa 456. Mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili mwaka unaofuata. Ulipofungwa 2023 wakajumlisha, wakaona kijana mmoja kakatwa bure, wakamwandikia. Na ile 618.90 ya kwenye meseji? Haikutokea popote, hata nilipojumlisha na nauli.

Barua haikuniomba kadi. Ilinipa namba ya kumbukumbu tu. Nikaiandika anwani ya tovuti yao mwenyewe, herufi kwa herufi, sikubonyeza linki ya mtu, nikaweka ile namba na ile ya bima ya taifa niliyopewa nilipoanza kazi. Wakasema siku tano za kazi. Jumatatu iliyofuata nikafungua akaunti yangu na pauni 456 zimekaa pale, zimetulia, wala hazina maneno. Nikapiga kelele peke yangu ndani. Jirani akatoka tena.

Mnadhani kisa kimeisha? Bado. Jumatano asubuhi simu ikaita, namba ya Uingereza. Sauti ya mwanamume, taratibu, ya heshima, anasema anatoka idara ya usalama ya benki yangu. Akalitaja jina langu lote, hata lile la babu ambalo silitumii. Akataja tarehe yangu ya kuzaliwa. Akasema kuna mtu anajaribu kuninyang'anya hela zangu dakika hii hii, niziwahi, nizihamishie kwenye akaunti salama, namba yake anayo hapo.

Jamani, jasho lilinitoka. Pauni 456 zina siku mbili tu, na mwenye nyumba amebakiza wiki moja! Nikafungua akaunti, kidole kiko hewani. Akaniambia, "Tafadhali usikate simu, wala usimwambie mtu." Mtu wa benki anaogopa nini nikikata simu? Nikakata. Nikapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yangu. Nikawekewa muziki kwa dakika 10, ndipo dada mmoja akaniambia hakuna aliyenipigia, na akaunti yangu haijaguswa na mtu.

Sasa yule bwana jina langu lote kalipata wapi? Tarehe ya kuzaliwa kampa nani? Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, ndani ya daladala ya Mabibo. Saa ile ile nikazihamishia hela Dar zote, nikabakiza pauni moja ya kuishikilia akaunti.

Kwa hiyo huyu binti wa ofisini nilipomwomba simu, sikuhitaji kuisoma meseji mara mbili. Pauni kadhaa, linki, kabla ya saa 24. Futa, nikamwambia. Akanywea kabisa, maskini, maana alishaanza kuigawa ile hela kichwani. Lakini nikamwomba kesho yake aje na slipu zake za mshahara, alifanya usafi hotelini kule. Amezileta. Tumezitandaza juu ya meza ya mhariri akiwa ametoka kwenda kula, na kwenye slipu tatu kati ya saba pana zile herufi, BR. Meseji ilikuwa ya uongo, hela huenda ni ya kweli! Hajaandikiwa barua, lakini kule mtu ana miaka minne ya kudai tangu mwaka wa kodi uliohusika ufungwe. Kwa mliobeba maboksi wakati wangu, 2022/23, mlango unafungwa tarehe 5 Aprili 2027. Slipu zenu mmezitupa? Anzeni kupekua mabegi. Binti leo anajumlisha kwa kikokotoo cha simu, hata chai hajanywa.

Kaniuliza, "Na mwenye nyumba, kaka, ilikuwaje?"

Mwenye nyumba nilimfuata tarehe 29. Tangu siku ile ya kuitwa tapeli alikuwa hataki tena kutumiwa kwenye simu, anataka noti mkononi. Nikamwekea mezani 120, za elfu kumi kumi. Akaniuliza nimezitoa wapi ghafla hivi. Nikamweleza kwa furaha kwamba serikali ya Uingereza imenirudishia kodi.

"Kodi hairudishwi, kijana," akasema. "Kodi inalipwa."

Kisha akavaa miwani, akachukua noti ya kwanza, akatoka nayo barazani, akaiinua juani akaichungulia. Akairudisha, akachukua ya pili. Nilipoaga alikuwa amefika ya arobaini.