Barabara ya Wajerumani tunayo, viza ndiyo tatizo

Mjerumani akipanga likizo ya gari nchini kwake, hutafuta milima ya kutazama na mji wa kale wa kulala. Akija kwetu atavipata vyote, na babu zake wamo ndani ya historia hiyo.

Aanzie hapa Kinindo. Apande Bugarama hadi Kiganda, ambako Juni 6, 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali utawala wa Wajerumani. Gitega, mji walioufungua mwaka 1912, alale usiku mmoja. Jirani yake ni Gishora kwenye ngoma za kifalme, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Kusini yake ni Rutovu, kwenye piramidi ya mawe ya mwaka 1938 iliyowekwa na Mjerumani Burkhart Waldecker kuonyesha chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Kisha Rutana: maporomoko ya Karera, halafu korongo la Nyakazu, lile linaloitwa kwa Kifaransa Faille des Allemands. Ukisimama ukingoni unaona Kumoso yote chini yako, na macho yanakwenda hadi upande wa Tanzania.

Macho yanavuka bure. Mgeni mwenyewe havuki bure.

Kutoka Makamba hadi Mugina, Manyovu na Kigoma ni historia ileile. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli ya Liemba iliingia majini hapo mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Lilikuwa koloni moja. Leo mtalii huyo anahitaji viza mbili, ya Burundi na ya Tanzania. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya watalii tangu mwaka 2014, dola 100 kwa siku 90. Burundi imo Jumuiya tangu 2007, na Tanzania ni mwanachama mwanzilishi. Wanasubiri nini?

Mfanyabiashara wa Manyovu atauliza hili linamhusu vipi. Mgeni anakula, analala, anakodi gari na dereva anayeijua njia. Anayepeleka mawese ya Rumonge na kurudi na gari tupu anajua uchungu wa kiti kisicho na abiria. Mafuta ya gari yenyewe yamekuwa ya shida Burundi miaka hii, kwa hiyo safari ya namna hii hupangwa na mtu anayejua lini ajaze tangi na wapi. Ofisi ya utalii ya mjini haiwezi kazi hiyo. Ninyi mnaiweza.

Kurudi, apite kando ya ziwa: Nyanza-Lac, Rumonge, na jiwe la Mugere ambako Livingstone na Stanley walifika Novemba 1871.

Vyama vya wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu huitwa kwenye vikao vya mpakani kuzungumzia ushuru na foleni. Kikao kijacho, viza ya pamoja iwe ajenda ya kwanza.