Chakula cha Mbwa: Tusihesabu Gunia, Tuhesabu Siku



Kijana mmoja wa Kolwezi alinipa barua kisha ibada. Barua yake ni fupi: "Pasta, imbwa yetu inakonda sana. Baba anasema croquettes ni ya batajiri, imbwa ikule bukari yenye kubakia. Mama anasema bukari haibakie tena. Sasa tuikulishe nini?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha, maana swali hilo nililikuta nyumbani mwangu mbele ya kulikuta katika barua.

Tulikuwa na mbwa, jina lake Bobi. Kazi yake ilikuwa kulinda lupango usiku. Munajua hali ya camps zetu: leo kamba ya nguo, kesho sufuria. Musimu mmoja mvua iliingia mahali tulipoweka gunia la unga, likalowana upande mmoja. Tukafanya kama watu wengi wanavyofanya. Mama wa nyumba akachota unga mweupe, mukavu, akauweka kwa ajili ya watoto. Ule wenye mabonge na harufu ya kuvunda, tukasema: "Huu ni wa Bobi." Tukampikia siku nyingi. Halafu siku moja akakataa kula, akatapika. Macho na ufizi wake vikageuka manjano, na choo kikatoka pamoja na damu. Muganga wa wanyama alipofika aliuliza neno moja tu: "Anakula nini?" Nikamuonyesha gunia. Akaniangalia, akasema: "Na batoto, Pasta, banakula mu gunia gani?"

Bobi alikufa kesho yake. Unga wote tuliutupa ndani ya shimo, hata ule mweupe. Usiku ule mama wa nyumba hakulala. Alikuwa anapita kitanda kwa kitanda na taa, anatazama macho ya watoto. Walibaki wazima, tunashukuru.

Muganga alitueleza kwamba yawezekana sana ilikuwa aflatoksini. Ni sumu inayotoka kwa ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizowekwa bila kukauka vizuri. Inaharibu maini. Moto wa jikoni hauiondoi, hata upike bukari mpaka iungue. Tena ukungu unaweza kuwa upande huu wa gunia na sumu iko upande ule, ndiyo maana kuchagua kwa macho kama tulivyofanya sisi ni kujidanganya. Huko Kenya katika mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Na huko Marekani, mwisho wa mwaka 2005, mbwa wengi walikufa kwa chakula cha kiwanda, kizuri kwa macho, kilichofanywa na mahindi ya namna ileile.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa kijana wetu: chakula cha bei ndogo si kile mutu amekataa kwa sababu kimevunda. Kilichovunda kitupwe. Musikipe kuku pia, maana mutakula yule kuku.

Sasa juu ya bukari. Wengine wanasema mbwa ni mula-nyama, bukari itamuua. Si kweli. Katika mwaka 2013 wachunguzi wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, kwa kuishi na watu miaka maelfu, amepata nguvu ya kumeng'enya vyakula vya unga kuliko mbwa mwitu. Bukari nzuri inampa nguvu ya kukimbia. Shida ni kwamba haimupi vya kujenga mwili. Ndani ya gramu 100 za unga wa mahindi, protini ni karibu gramu 8 tu. Kanuni ambazo viwanda vya Marekani vinafuata zinaomba 18 kwa mia kwa mbwa mukubwa, na 22.5 kwa mia kwa mutoto wa mbwa, ukihesabu chakula kikavu bila maji. Munaona pengo. Mbwa wa bukari tupu anaweza kushiba, tumbo likajaa, na bado mbavu zinaonekana na manyoya yanaanguka.

Pengo hilo linazibwa na fretini, wale samaki wadogo wakavu wanaotoka upande wa Kalemie. Hao ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa mbwa anawala pamoja na mifupa yao myororo, anapata pia kalsiamu. Nyumbani kwangu leo, kwa mbwa wa kilo 15 hivi, tunapika kwa siku gramu 200 za unga, gramu 60 za fretini na kijiko kimoja cha mafuta. Ukipiga hesabu utakuta karibu 19 kwa mia ya protini. Fretini tunawalowesha kwanza tumwage maji, maana wengine wana chumvi nyingi. Tunagawa mara mbili, asubuhi kidogo na magaribi sana, kwa sababu kazi yake ni ya usiku. Hizo gramu 60 si lazima ziwe fretini wazuri wa kupikia wageni. Wale waliovunjika-vunjika chini ya kitunga ni bei ndogo, na mama muuzaji anafurahi kuwaondoa. Lakini wanuse kwanza!

Ukikosa fretini, tafuta mapafu, matumbo au damu kwa muuza nyama. Vyote vichemshwe sana. Mapafu na ini mabichi yanaweza kumpa mbwa minyoo midogo, na mayai ya minyoo hiyo yakiingia kwa mutoto anayecheza na mbwa yanafanya mafuko ya maji ndani ya maini yake. Maharagi yaliyoiva kabisa yanasaidia pia. Ila musimupe mabaki ya mboga yenye vitunguu vingi, maana kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama sindano. Na wekeni chakula ndani ya sahani, si juu ya udongo. Huko Kabwe, Zambia, karibu na mugodi wa risasi uliofungwa katika 1994, wachunguzi walipima damu ya mbwa wakakuta risasi, zaidi kwa wale wanaokaa karibu na mugodi.

Najua mama mumoja anauliza hapa: "Pasta, fretini ya imbwa, na batoto wangu je?" Ana haki. Watoto kwanza, hakuna mabishano. Lakini nitasema wazi, hata kama wengine watakasirika: nyumba isiyoweza kupata konzi mbili za samaki wavunjike kwa siku, ni heri isifuge mbwa. Mbwa mwenye njaa halindi. Anaruka ukuta, anazunguka kwa majalala na kwa wauza nyama, anapigana na mbwa wengine, anarudi na kidonda. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliumwa na mbwa. Chanjo ni lazima, ndiyo, lakini mbwa anayeshiba na kubaki ndani ya lupango hakutani na hatari nyingi.

Tuje kwa croquettes. Si za matajiri tu, inategemea hesabu. Watu wanauliza bei ya gunia. Ulizeni bei ya siku. Tuseme gunia zuri la kilo 20, mbwa anatosheka na gramu 250: ni siku 80. Gunia lingine la kilo 20, bei iko chini, lakini limejaa pumba na mbwa anataka gramu 400: ni siku 50. Gawanya bei kwa siku, mutaona mara nyingi nani anadanganywa. Kiasi cha kila siku kimeandikwa nyuma ya gunia, kufuata kilo za mbwa.

Mukiwa hapo nyuma, someni tena. Kwa magunia mengi vitu vimepangwa kufuata uzito, cha kwanza ndicho kingi. Kama vitatu vya mbele vyote ni nafaka na pumba, hiyo ni bukari kavu, na bukari munayo nyumbani. Kwa maandiko ya Kifaransa tafuteni "aliment complet"; ile ya "complémentaire" peke yake haitoshi. Gunia la Afrika Kusini linapaswa kuwa na namba inayoanza na herufi V, ni namba ya kuandikishwa kwa sheria yao ya 1947. Tazameni pia tarehe. Zile croquettes za kupimwa kwa kikombe, gunia wazi pale juani, mimi sinunui: mafuta yake yameharibika, na tarehe yake hakuna anayeijua. Picha ya mbwa munene mbele ya gunia, hiyo ni picha tu.

Ukibadilisha chakula, fanya polepole kwa siku saba hivi, ukichanganya na kile cha zamani, asije akaharisha.

Kijana wangu wa Kolwezi, anza hivi. Azima mizani. Panda peke yako, andika. Panda tena umebeba mbwa, andika, kisha toa ile ya kwanza. Pika kipimo nilichoandika, ukiongeza au kupunguza kufuata kilo zake, kwa juma ine, bila kuruka siku. Shika mbavu zake kwa vidole: zisikikane chini ya ngozi, lakini zisionekane toka mbali. Halafu umupime tena, uniandikie hesabu zote mbili.